Vocha moja ya chakula, mimi na mama mkwe: yaliyonikuta ndege iliposhindwa kutua Songea

Wakuu, salaam kwenu nyote. Hii siyo chai, imenikuta mwenyewe juzi na hadi naandika hapa kichwa bado hakijakaa sawa.

Mimi ni mtumishi, nilihamishiwa Songea, naishi Mshangano. Nimezaliwa na kukulia mjini Dodoma, mambo ya mila nayasikia kwa watu tu.

Mke wangu ni mtu wa Lusewa, huko huko kusini. Ana kichanga, kwa hiyo nikapewa mimi jukumu la kumpeleka mama yake Dar, kliniki ya macho.

Tumefika uwanjani Ruhuwiko asubuhi, ukungu huo, hata miti ya ng'ambo huioni. Ndege ikazunguka juu wee, ikashindwa kutua, ikarudi ilikotoka. Wakatupakia kwenye basi dogo hadi hoteli moja mjini, tukapewa vocha za chakula.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa.

Kwa kuwa tiketi nilikata pamoja, tulipewa vocha moja yenye majina mawili. Mhudumu akasema vocha moja, meza moja, wote muwepo, na kufungiwa chakula hakuna. Nikaona poa tu. Nani anakataa bafe ya bure?

Mama mkwe ndiye aliyekataa.

Kakaa pembeni kabisa ya meza, kitenge kakivuta hadi usoni, anaangalia ukuta. "Mimi nimeshiba, baba."

Ameshiba nini sasa? Hajala kitu tangu tutoke nyumbani. Na huyu mama ana sukari, sindano yake ya kushusha sukari alishachoma alfajiri akijua tutakula mapema.

Nikadhani anaogopa kudaiwa. Nikamweleza kwamba shirika ndilo linalolipa, akaitikia tu. Nikadhani hapendi vyakula vile, nikampakulia ndizi na maharage, nikamsogezea. Wapi.

Nikaanza kula mimi ili apate moyo. Ndiyo kwanza akainama kabisa.

Mara naona jasho kwenye paji la uso, mikono inatetemeka. Niliogopa wakuu, sitaki kuwadanganya. Nikampigia mke wangu.

"Mmekaaje?" akauliza.

"Meza moja, mimi na yeye."

"Baba Neema, toka hapo. Mama hawezi kula mbele ya mkwe wake. Ataanguka na hatakula. Toka sasa hivi."

Nikanyanyuka, sahani nikaiacha imejaa. Mhudumu ananifuata: kaka, vocha inataka muwe wote. Nikamwambia dada, hesabu kwamba nimo.

Nikasimama kwenye maegesho, nachungulia dirishani kama mwizi. Nikamwona anashika kijiko. Alikula haraka haraka, kitenge kimeshuka mabegani. Machozi yakanilenga, sijui hata kwa nini.

Kabla sijarudi ndani tukaitwa, hali ya hewa imefunguka, basi linaondoka. Mama akatoka, mikono imetulia.

"Umekula, baba?"

"Nimekula, mama."

Muongo mkubwa mimi.

Kwenye ndege siti zetu zimepakana. Wakagawa korosho na juisi. Zake kaziweka mapajani, hagusi. Nikageukia upande wa pili, nikafumba macho nikajifanya nimelala. Baada ya muda nikasikia pakiti inachanwa.

Nilichojifunza: ukisafiri na mkwe, kata tiketi tofauti tofauti ili kila mtu awe na vocha yake, na muulize mkeo kabla hujaondoka nyumbani.

Lakini kuelewa, bado sijaelewa. Mke anasema ndiyo heshima yenyewe, mama ananipenda sana. Mimi heshima ya mtu kutetemeka kwa njaa mbele ya chakula inanishinda.

Wenye wakwe wa kusini, nyie mnaishije? Nielekezeni bila kunicheka, maana tuna siku kadhaa hapa Dar na siwezi kujifanya nimelala kila chakula kikiletwa.