Taa Iliyozimwa na Heshima

Ijumaa iliyopita tulimzika mke wangu, Mwanaidi, hapa Kwamndolwa. Mwanangu, wapo walionishangaa kuniona nikicheka msibani. Nilikuwa nimekumbuka jioni niliyokwenda kumposa kwao Sindeni, enzi za Mwingereza, nami kijana wa kibarua kwenye mashamba ya mkonge.

Nilikuwa na baiskeli mpya yenye dinamo, kile kidude kinachowasha taa ya mbele gurudumu likizunguka. Ewe mwanangu, raha yake! Fundi wa mashine alinifungulia dinamo moja mbovu nikaona: ndani mna sumaku, na kando yake waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Havigusani. Gurudumu likizungusha sumaku, umeme unazaliwa ndani ya waya. Sumaku ikitulia, hata iwe na nguvu gani, waya hauna kitu. Hayo niliyajua. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kukumbuka mbele ya baba mkwe ni kingine.

Mshenga wangu alikwisha kunisifu kwao: kijana ana taa isiyokula mafuta. Nilifika giza linaingia. Kwetu hupiti mbele ya wazee umekaa juu ya baiskeli, kwa hiyo nilishuka mbali nikaikokota. Taa ikafifia. Niliposimama uani, ikazimika kabisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Taa iko wapi?" akauliza Mzee Mhina, baba yake Mwanaidi.

"Ndiyo hii, mzee."

"Mbona imelala? Imechoka na safari?" Wazee wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Njia ya mwongo ni fupi. Anayenidanganya kwa taa atanidanganya kwa binti yangu. Chukua baiskeli yako."

Ulimi ukanikwama. Ndipo sauti ikatoka jikoni, alikuwa Mwanaidi.

"Baba, nimeiona ikiwaka kule bondeni. Imezimika aliposhuka. Mwambie apande."

"Apande mbele yangu? Ana wazimu?"

"Basi aipindue, azungushe pedeli kwa mkono."

Nikaipindua. Nikazungusha. Taa ikawaka, mwanangu! Polepole ikawa nyekundu, kwa kasi ikawa nyeupe, kuku wakatoka bandani wakidhani kumekucha. Mzee Mhina akanisukuma kando, akashika pedeli mwenyewe. Akazungusha, akaacha, akazungusha tena, kanzu ikiburuzika vumbini.

"Kumbe ni heshima yako iliyoizima!" akasema, na posa ikapokewa.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mwanaidi hakuwahi kuona ndani ya dinamo. Alitazama tu inawaka lini na inazimika lini, akataka ijaribiwe. Mwanangu, kabla hujamwita mtu mwongo, mpe nafasi aonyeshe. Na ukiwa na kweli, usiinyamazie kama nilivyonyamaza mimi.

Mungu akujalie macho yanayotazama vizuri, na mwenza wa kukusemea ulimi ukikwama.