Shukrani za Mchota Maji

Stara hakumwamini yule mchota maji Mkristo. Kila asubuhi mtu huyo alitua mzega, mti wake wa kubebea madebe begani, mlangoni pa Stara, akavua kofia yake kuukuu ya jeshi la Mwingereza, akafumba macho na kunong'ona juu ya madebe yake mawili, "Asante, Baba." Shukrani gani, na ukame huu wa Dodoma? Uganga huo! Ngoja apate hasara, tumwone. Basi siku moja, mwanamume huyo alipoingia kumimina debe la kwanza mtungini, Stara akalitoboa la pili, lililoliwa na kutu, kwa msumari. Akasubiri matusi. Mchota maji alirudi, akalitazama tobo, akamtazama Stara, akavua kofia.

"Asante, Baba. Aliyetoboa ameniachia debe moja."

Stara akaufumbata msumari ndani ya kanga.