Upande wa Leso

Harufu ya pasi ya makaa inapopita juu ya kitambaa kipya bado hunirudisha mtaani Majengo, kwenye baraza la fundi mmoja aliyeitwa Mama Zuhura. Nilikuwa darasa la sita. Likizo ya Agosti ilikuwa ya baridi mwaka ule, ukungu haukuondoka Meru hadi karibu saa sita, na mama alikuwa akiniacha pale barazani asubuhi akienda kuuza ndizi sokoni Gakoromone. Chini ya cherehani kulikuwa na gunia la mabaki ya vitambaa: draft ya mirabamiraba ya sare za shule, zambarau ya majoho ya kwaya, weupe wa kanzu, na vitenge vya kila rangi. Mama Zuhura aliniruhusu nichague nitakacho. Mimi nilikuwa mtoto asiyesema. Wageni wakija nyumbani nilijificha jikoni mpaka waondoke. Mama Zuhura aliwaambia wateja kwamba huyu binti amemeza ulimi, lakini akichagua kitambaa macho yake ni kama ya mnunuzi wa ng'ombe.

Vitambaa hivyo vilikuwa vya blanketi. Dada yangu Gatwiri alikuwa ameolewa Embu na alikuwa karibu kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mama mkwe wake, Mama Njeru, alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho makali, na dada alikuwa bado anamwogopa. Alimpigia mama simu akamsihi: siku mtakayokuja kumwona mtoto, mje vizuri, maana hapa kila kitu kinatazamwa. Mama akaona kwamba blanketi la dukani kila mtu analo. Tungeshona letu la viraka, kwa mkono, na kwa kuwa macho yake yalikuwa yamechoka, kupanga niliachiwa mimi.

Nilikata kipande cha katoni ya sabuni kikawa kipimo changu, kila kiraka nikakikata kwa hicho. Kisha nilivitandaza juu ya kitanda cha mama na kuvihamisha huku na huku, zambarau kando ya njano, draft kando ya nyeupe, mpaka jicho lilipoacha kukwama. Katikati niliacha nafasi tupu. Kwa desturi yetu na ya watu wa Embu, mtoto wa kwanza huchukua jina la upande wa baba, wa kiume jina la babu yake na wa kike jina la bibi yake. Niliwaza kwamba mwenye jina ndiye anayestahili pale katikati. Mama alisimama mlangoni akaitazama ile nafasi, akaenda akaleta gauni lake la kitenge alilovaa siku ya mahari, la njano lenye tausi, akakata tausi mmoja kwenye pindo.

"Jina watatoa wao," alisema. "Hapa katikati nitakaa mimi."

Baba alicheka, akasema hii sasa ni vita ya Meru na Embu juu ya kitanda. Mimi sikucheka sana. Akilini nilimwona dada akisimama mbele ya Mama Njeru, akiulizwa habari za tausi yule.

Tulishona jioni, mama akiimba nyimbo za kanisani na mimi nikijichoma vidole. Ndani tuliweka blanketi kuukuu lililokuwa jembamba kwa kufuliwa. Likabaki suala la mgongo, maana mgongo unataka kitambaa kizima. Dada alikuwa ameshajifungua msichana, na safari ilikuwa kesho kutwa. Hapo nilifungua sanduku la mama nikatoa leso ambayo Mama Njeru alimletea siku ile ya mahari, nyekundu yenye maua meupe, ambayo mama alikuwa akiitunza bila kuivaa. Niliitandaza chini ya viraka. Mama alishtuka. Kukata zawadi ya wakwe ni kama kuwarudishia. Nikamwonyesha kwa mikono kwamba hatutaikata popote: kingo zake tutazikunja zije mbele, ziwe pindo la blanketi lote. Mama akanipa uzi mwekundu.

Embu tulikaribishwa kwa chai, nasi tukatoa njahi, yale maharagwe meusi wanayopikiwa waliojifungua, ndizi na uji. Blanketi lilikuja mwisho. Mama Njeru alilitandaza magotini, akapapasa mishono yangu, kidole chake kikasimama juu ya tausi. Alilikumbuka lile gauni.

"Mtoto ameitwa Wanja, jina langu," alisema polepole. "Na huyu wa katikati ni nani?"

Mama aliinamia kikombe chake. Ule ujasiri wake ulikuwa umebaki Meru. Dada alinitazama, macho yamejaa, na kwa mara ya kwanza niliona kukaa kimya kunaniuma kuliko kusema.

"Geuza, mama," nilimwambia Mama Njeru. "Upande wa leso yako ndio unaomgusa mtoto."

Aligeuza. Aliishika leso yake, akafuata pindo jekundu pande zote nne, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Mama Gatwiri," alisema huku akicheka, "wewe umejiweka juu watu wakuone, mimi umeniweka chini nikojolewe."

"Ndiyo kazi ya mwenye jina," mama akajibu, na nyumba nzima ikacheka, dada kuliko wote. Mama Njeru mwenyewe ndiye aliyemfunika Wanja.

Siku hizi mablanketi laini yenye picha za simba yamejaa madukani, na mafundi wengi huuza mabaki yao yakajazwe kwenye viti. Mimi nashona viraka kwenye baraza lile lile la Mama Zuhura. Bado si msemaji, lakini kila mteja namuuliza kwanza mtoto atachukua jina la nani. Likizo iliyopita Wanja alikuja kwetu na blanketi lake, ambalo sasa linamfunika kuanzia kiunoni hadi magotini tu. Tausi wa mama bado anang'aa. Leso imechakaa mpaka lile blanketi kuukuu la ndani linachungulia kwenye maua. Nikamwambia nitamwekea mgongo mpya. Akalivuta blanketi kifuani.

"Hapo ni kwa cucu," alisema, maana ndivyo anavyomwita bibi yake Mama Njeru. "Badilisha huko juu."