Tundu la Maji Ukutani

Mama alitufundisha namna ya kupotea. Ukungu ukishuka juu ya kilima chetu cha Manga humwoni hata mbuzi uliyemshika kamba, na vijia ni vingi kuliko watu. Usikimbie, alisema, wala usilie. Tazama maji yanateremkia wapi, hata kama ni kijimfereji cha mvua kati ya migomba, uyafuate. Yatakufikisha kijitoni, kijito kitakufikisha kwenye chemchemi, na kwenye chemchemi hakukosi mwanamke anayemjua mama yako. Nilipotea mara nne utotoni na mara zote nne nilirudi hivyo, mara ya mwisho nikiwa nimebebeshwa mtungi wa mtu.

Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa. Asubuhi moja niliona lori la ndizi likipakia Ogembo, nikataka kujua ndizi zile zinaenda kuliwa na nani. Tangu hapo sikukaa mahali zaidi ya msimu mmoja. Nilichuma majani chai ya watu upande wa Nyamira, nikabeba magunia sokoni Kisii, nikapasua kuni za jiko moja huko Nyanchwa mpaka nikajua kila gogo lilitoka msitu gani, kisha nikachoka kujua. Mama alisema nina mchwa kwenye nyayo.

Aliyenipeleka baharini ni mume wa dada yangu mkubwa. Kwao ni ng'ambo ya bonde letu, na alikuwa mtumishi wa mezani kwenye meli ya abiria iliyotoka Mombasa kwenda pwani za Waarabu na Wahindi. Akija likizo, watu walitazama viatu vyake kabla ya uso. Mimi nilimchosha kwa maswali. Maji ya chumvi yanachemka upesi au polepole? Meli ikigeuka usiku, unajuaje? Dada naye akamchosha kwa maombi, na mwanzoni mwa miaka ya sabini nikapata kazi ya kuosha sufuria katika meli ileile.

Haikuwa bure. Mpishi mkuu alimwita shemeji akamwekea karatasi mbele. "Huyu akitoroka bandari yoyote, utajibu wewe." Kujibu maana yake ilijulikana. Safari iliyotangulia kijana mmoja wa mashine alishuka bandarini asirudi, na aliyemdhamini akateremshwa Mombasa na sanduku lake baada ya miaka kumi na miwili ya kazi. Shemeji aliitazama ile karatasi kwa muda, kisha akatia sahihi.

Jambo jingine lazima nilieleze. Kwetu mume wa dada yako si mtu wa kuchezea. Hamtukanani, hamtaniani ovyo, na hamwonani uchi. Melini tulilala chumba kimoja cha watu wanane, vitanda juu ya vitanda, na kila alfajiri shemeji alingoja nigeuze uso ndipo avae. Wenzetu walicheka. Dobi wa meli, mtu wa Mombasa mwenye mdomo mrefu kuliko mkono, alizoea kusema, "Hawa Wakisii wawili wameoana, lakini bado wanaoneana haya."

Mji wa Waarabu ambako yalitokea haya mabaharia waliuita Ukutani, na mimi nauita hivyo mpaka leo. Meli ilitia nanga mbali kidogo, mashua zikapeleka watu gatini. Abiria walifuatana nyuma ya kiongozi aliyeinua mwavuli uliofungwa, kama vifaranga. Sisi wa jikoni tusio na zamu tuliruhusiwa baada ya vyombo vya mchana. Masharti yalikuwa honi tatu. Ya kwanza, rudini gatini. Ya pili, mashua ya mwisho inajiandaa. Ya tatu, nanga inapanda.

Shemeji na dobi walikaa kwenye mkahawa wa kahawa chungu, hatua chache ndani ya lango. Shemeji alinionyesha kibanda cha mshona viatu. "Shemeji, usipite pale."

"Sipiti."

Nilisema kweli kwa muda wa kama robo saa.

Sikuwa nimewahi kuona mji uliofungiwa kama boma la ng'ombe. Wazee wetu walisimulia maboma ambamo vijana walilinda mifugo isitekwe, lakini yale yalikuwa ya miti na matope, na mvua zilishayala. Huu ulikuwa ukuta wa mawe, na langoni nilipima unene wake kwa miguu yangu: hatua sita. Nilitaka kujua walikuwa wakimwogopa nani. Lango lilikuwa na misumari mikubwa kama ngumi, na ndani ya mlango mkubwa mlikuwa na mlango mdogo wa kuinamia. Walinzi wawili wenye majambia kiunoni walinitazama nikipima, wakatazamana.

Nikampita mshona viatu. Palikuwa na fundi wa shaba akipiga sinia, na kila pigo lilitoa sauti tofauti, nikangoja nisikie kama lolote litajirudia. Palikuwa na kisima ambacho kamba za kuchotea zilikuwa zimechimba mifereji kwenye jiwe la ukingo. Niliingiza kidole, kikazama hadi kiungo cha pili. Nikajaribu kukisia ni ndoo ngapi, ni mama wangapi. Mwenye punda akanipigia kelele nimpishe. Nikafuata punda. Punda akaingia uani kwa mtu, mlango ukafungwa, na hapo ndipo nilipogeuka na kuona vichochoro vitatu vilivyofanana kama watoto wa tumbo moja.

Honi ya kwanza ikalia.

Ingekuwa nyumbani, sauti ingetoka ng'ambo fulani na ningeijua. Mle ilidunda ukuta kwa ukuta ikaja kutoka pande zote. Nilishika kichochoro cha kati, kikaniishia kwenye mlango wa msikiti. Nikarudi, nikashika cha kulia, nikakuta mkusanyiko wa mbuzi na ngazi. Milingoti ya meli haikuonekana, nyumba zilikuwa ndefu na juu palibaki utepe tu wa anga. Nilimwuliza mzee aliyekuwa akichambua tende, "Bahari?" Neno hilo alilijua. Akaelekeza kwa kidevu, chini. Nikashuka, nikapotea zaidi.

Sikuwa namfikiria mpishi mkuu. Nilikuwa naiona sahihi ya shemeji, ile herufi ya mwisho aliyoivuta mkia, na dada yangu akimwona mumewe akipanda kilima cha Manga na sanduku katikati ya mwezi usio wa likizo.

Ndipo nikaona maji. Katikati ya kichochoro palikuwa na mtaro mwembamba, na ndani yake maji ya buluu ya watu watiao nguo rangi yalikuwa yakiteremka. Moyo wangu ukatulia kabisa. Nikayafuata mbio. Wanawake walijificha nyuma ya milango nilipopita. Mtaro ukakunja, ukaungana na mwingine wenye magamba ya samaki, ukapanuka, na mimi nikazidi kuwa na hakika, mpaka nikaugonga ukuta.

Lango halikuwapo. Kushoto nyumba zilikuwa zimejengwa zikiegemea ukuta, kulia hali kadhalika. Maji peke yake ndiyo yaliyokuwa na njia: tundu chini ya ukuta, la kufika magotini, lenye nondo tatu zilizoliwa na kutu, moja ikiwa imebaki kisiki. Niliinama nikachungulia. Upande wa pili, safi kama picha, meli yetu. Chemchemi ile haikuwa na mwanamke hata mmoja.

Niliingia kichwa kwanza. Hatua sita za unene, lakini kwa tumbo si hatua tena. Maji yaliniingia puani, kitu laini kilinipita shavuni, nikatokea juu ya mawe yenye chaza, na gati nikaliona umbali wa kurusha jiwe mara tatu. Nilikimbia nikichuruzika buluu.

Mashua ilikuwa bado. Dobi alikuwa amesimama ukingoni, mikono kichwani.

"Ebo! Panya buku gani huyu? Umepita wapi?"

"Shemeji yuko wapi?"

"Mwenzio kaingia mjini kukutafuta! Tangu honi ya kwanza! Nimemwambia, bwana, kaa, atakuja mwenyewe. Hakunisikia. Kakimbia na koti lake jeupe kama bwana harusi aliyekimbiwa."

Honi ya pili ikalia hapohapo, juu ya maneno yake. Ofisa kijana wa mashua alitazama saa, akanyoosha vidole kumi. Dakika kumi.

Niligeukia lango. Dobi akanikamata mkono, buluu yote ile. "Huingii! Utapita huku, yeye apite kule, tuwapoteze nyote wawili. Panda. Jina lako litiwe alama, angalau mmoja apatikane."

Alisema kweli, na mguu wangu mmoja ulikuwa tayari ndani ya mashua. Jina langu likitiwa alama, aliyetoroka angekuwa shemeji. Angejibu kwa kosa langu, naye akiwa amekosa nini? Nilisimama hivyo, mguu nchi kavu mguu mashuani, nikijaribu kumwona katika vile vichochoro. Hakuwa mtu wa maswali. Angetembea kwa heshima, kisha haraka, kisha angejua kwamba amepotea. Mtu wa Manga akipotea afanye nini? Mama yake pia alikuwa mama.

"Ninajua atatokea wapi," nikasema, nikauvuta mguu.

"Wapi? We! Wapi?"

Nilikimbia juu ya yale mawe mpaka tunduni, nikaingiza kichwa, nikatoa ile sauti ndefu tunayoitana nayo ng'ambo ya bonde, ya kumwambia mtu ng'ombe wake wameingia shambani. Ilipita mle ndani kama ndani ya pembe. Nikangoja. Maji tu. Nikaita tena, nikataja jina la baba yake, jambo ambalo si adabu. Kimya. Nikahesabu pumzi ishirini. Mashua iliwasha injini, niliisikia vizuri sana. Nilianza kuona aibu ya hakika yangu, kwamba nimeacha mashua kwa ajili ya fundisho la watoto wachunga mbuzi.

Ndipo vikasikika viatu. Vile viatu.

"Ni nani?" sauti ikauliza kwa Kikisii, ikihema.

"Ni mimi, shemeji."

Halafu, nawaapia, alinisalimu. Salamu yote, jinsi mtu anavyomsalimu ndugu wa mke wake: nimeshindaje, wa nyumbani wako salama. Nikaitikia, nikiwa nimelala juu ya chaza, injini ikinguruma. Kutoitikia kusingewezekana.

"Shemeji," nikasema mwisho, "hapa unapita. Mimi nimepita."

"Wewe ni mwembamba."

"Vua koti."

Alikuwa mtu mnene, chakula cha melini kilimkubali. Nilisikia vifungo. Kisha koti likaja likielea juu ya maji, limekunjwa, na shati nyuma yake, na viatu vimefungwa pamoja kwa kamba.

"Geuka," akasema ndani ya tundu.

Nikageuka. Nilikaa nimeelekea bahari, mikono nimeirudisha nyuma kama mfungwa, mpaka vidole vyake vikaishika. Nikavuta. Mbele yangu nilimwona ofisa akitazama saa yake na dobi akimwongelesha, akimwonyesha angani, akimwonyesha maji, akijishika tumbo kama anayetaka kuzaa, akimchelewesha kwa lolote. Nyuma yangu shemeji alikuwa akija, kiwiko, bega, kisha akasimama.

"Suruali. Imeshikwa na chuma."

"Vuta pumzi."

"Nimevuta."

Nikavuta kwa nguvu zangu zote nikitazama mbele, mikono ikateleza. Mara ya pili ikateleza. Kwa mgongo huwezi kumtoa mtu mnene katika ukuta wa hatua sita. Dobi alikuwa sasa amepiga magoti mbele ya ofisa.

"Shemeji," nikasema, "nisamehe."

Nikageuka. Nikamtazama, nikamshika chini ya makwapa, nikapiga mguu ukutani, nikamng'oa. Suruali ilibaki na Waarabu. Nami niliinua macho upesi, lakini nilikuwa nimeona, na yeye alijua.

Alijifunga koti kiunoni tukakimbia. Tulirukia mashua ikiwa imeshaachana na gati, dobi akatuvuta kwa kola ya mmoja na sikio la mwingine. "Nilijua," alimwambia ofisa, "wamekwenda kuoga, hawa ni watu safi sana." Akatutupia kitambaa cha meza. Ofisa alitutazama, buluu na uchi na damu magotini, akatia alama majina mawili. Honi ya tatu ilitukuta nusu ya njia.

Shemeji aliendelea na kazi yake ile mpaka mwisho wa miaka ya sabini, na nyumba ya mabati unayoiona ukipanda Manga aliijenga kwa mshahara wake. Mimi sikutiliwa sahihi nyingine. Mombasa alinibebea mfuko hadi kituo cha basi, akaniaga kwa heshima zote. "Shemeji, bahari imekutosha." Hakuninyooshea mkono, na sikumlaumu.

Mwaka ule alipokuja likizo nilichukua kuku jike, mweupe, wa kufuta kosa la haya kama ilivyo desturi yetu, nikavuka bonde. Alikuwa amekaa nje na dada. Nilimkabidhi kuku kwa mikono miwili nikiwa nimetazama pembeni.

"Wa nini huyu?" dada akauliza, maana mimi sikuwa mtu wa kuleta vitu.

Shemeji alimpokea, akampapasa mbawa, akampima uzito.

"Mchinje," akamwambia dada. Kisha akaninyooshea mkono.