Bawa la ndege yangu limeanikiwa vyombo

Leo bawa la ndege yangu limebeba masufuria kumi na moja.

Sio ndege ya abiria jamani. Ni ile ya mfano ninayoijenga kwa mianzi na mbao hapa nyumbani Nakwa, mwaka wa saba sasa. Bawa moja tu lina mita tatu.

Asubuhi nililiweka uani juu ya stuli mbili, gundi ikauke. Nikaenda sokoni.

Narudi, nakuta jirani yangu Mama Neema kaanika juu yake vyombo vyote vya ubatizo wa jana. Hadi lile sufuria kubwa la pilau.

"Shikamoo mama. Hilo ni bawa."

"Marahaba. Mi nilijua umetengeneza kichanja cha vyombo. Kiko imara kweli!"

Nikainama kuangalia. Halijapinda hata kidogo.

Niwaambie ukweli: mwaka mzima naogopa kulijaribu kwa mfuko mmoja wa mchanga, nisije nikalivunja.

Basi nikamsaidia kupanga vikombe vilivyobaki.

Akauliza la pili litakuwa tayari lini, maana Jumapili wana kipaimara.

Nikajikuta nasema Ijumaa.

Miaka saba, sijawahi kutaja siku.