Njia Mbili za Kumtafuta Shemeji

Mwaka ule mji ulipochafuka, askari wakajaa barabarani na simu zikakatwa, mimi nilikuwa namalizia kazi yangu ya mwisho chuoni Kasapa. Nililinganisha njia mbili za kupitisha habari kati ya mashine zisizo na waya wala mnara, zinazohamahama, kila moja ikimpokeza jirani yake. Kwa njia ya kwanza, kila mashine hukumbuka muda wote nani yuko wapi na anafikiwa kupitia kwa nani. Kwa ya pili, haikumbuki kitu. Ikimhitaji mtu inauliza majirani, nao wanauliza majirani zao, mpaka apatikane. Niliipenda ya kwanza. Ya pili niliiona haina adabu.

Asubuhi moja yaya, dada yangu mkubwa, akashikwa na uchungu nyumbani kwetu Bel-Air. Mume wake alikuwa ametoka mapema, na tangu hapo tulikuwa tumesikia risasi. Yaya hakulalamikia maumivu. Alitaka tu kujua kama mumewe yuko hai.

Njia ya kwanza ilikuwa mama. Bila kuulizwa, alijua kila mtu wa mtaa yuko wapi.

"Shemeji yako iko Kasapa, kwa rafiki yake. Pitia kwa fundi wa cherehani, atakuonyesha."

Nikatoka mbio. Fundi alikwisha kukimbilia Sakania, mpakani, rafiki alikwisha kuhama, na chuo kilikuwa kimefungwa. Yote aliyoyajua mama yalikuwa kweli, lakini ya jana. Nikarudi nimekasirika, hasa na kazi yangu.

Mama akaenda getini, akamwita jirani.

"Mutoto yangu anazala, bwana yake hatumuone. Uulize na bengine."

Jirani akapaza sauti juu ya ukuta, na ukuta wa pili ukapokea. Sasa, vitabu vina sheria moja: mashine iliyokwisha kulisikia swali isilirudie. Majirani zetu hawakuisoma. Haukupita muda, mama mmoja tusiyemjua akaingia akihema, akamwinamia yaya kitandani.

"Mama, kuko mwanamuke mu Bel-Air anazala, anatafuta bwana yake. Haukumuona?"

"Ni miye," yaya akasema.

"Ah, pole. Basi ukimuona, umwambie."

Akaja mwingine na swali lilelile, kisha mwingine tena. Yaya akaanza kucheka, akatukana kwa sababu kucheka kulimuumiza.

Halafu shemeji akaingia, mweupe tangu nywele hadi viatu. Alikuwa amejificha kwenye depo ya mfanyabiashara mmoja wa Kivu, nyuma ya magunia ya unga, mpaka swali lilipomfikia kupitia chini ya mlango. Yaya akampapasa kichwa akitafuta damu, akapata unga. Hapo ndipo alipolia. Mtoto alizaliwa baba yake hajapata hata kunawa.

Chuo kilipofunguliwa, profesa akaniuliza hasara ya njia ya pili. Nikamjibu kwamba ni unga. Mama aliwapikia bukari, ugali wetu, wote walioleta habari, hata wale walioileta kwa yaya mwenyewe, na debe letu likabaki tupu. Njia ya kwanza haikutumalizia hata kijiko kimoja, na yaya angezaa akijiona mjane.