Kutapika Juu ya Kiti Kisichotembea

Mpaka leo sielewi mtu anawezaje kuchafukwa roho kwa safari akiwa amekaa palepale. Gari la kweli halijawahi kunisumbua. Nilishapanda lori la pamba kutoka Kisaka, juu kabisa ya marobota, nikafika nikiwa na njaa tu. Lakini kijiji chetu cha ujamaa kiliponichagua nikasomee udereva Tarime mjini, nilitapika juu ya kiti cha mbao kilichopigiliwa misumari sakafuni.

Mbele ya kiti walifunga usukani, chini wakaweka breki na klachi. Ukutani lilitundikwa shuka jeupe, madirisha yakazibwa kwa magunia, na mashine ya sinema ikatuonyesha barabara iliyopigwa picha kutoka ndani ya lori. Ng'ombe wakitokea, unakanyaga breki. Kona ikija, unakata usukani. Mimi nimekaa palepale, na dunia nzima inanijia mbio. Kabla sijafika mbali jasho lilinitoka, mate yakanijaa mdomoni, nikakimbilia mlangoni.

Wanaume niliosoma nao walicheka sana. "Mwanamke akitapika, sababu tunaijua," mmoja akasema.

Nilimtukana kwa Kikurya, kisha nikaanza kujiuliza. Nilikuwa nimeolewa Itiryo, miaka inakwenda na mtoto hakuna, na ukoo ulishaanza kumtafutia mume wangu mke wa pili. Isitoshe, mwezi ule nilikuwa nimechelewa. Basi kila nikitapika naogopa kurudishwa nyumbani, na papo hapo nafurahi. Upuuzi kama huo ningemwambia nani?

Habari zina miguu. Juma halijaisha, mama mkwe akatokea uwanjani pa chuo na kibuyu cha uji wa wimbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usipige magoti, utajiumiza."

Mwanamke huyo, ambaye nyumbani hakuwahi kunisogezea hata kigoda, alinishika mkono akanikalisha kivulini. Nilikunywa uji wote. Sikusema ndiyo, sikusema hapana.

Mwalimu wetu, Mwislamu mmoja mtu mzima kutoka Tanga, aliniita pembeni. "Ndugu, mficha uchi hazai. Una nini?"

Methali ile ilinichoma, lakini nilimweleza: naumwa kwenye kiti tu, nikitoka nje ni mzima. Hakujua sababu, wala hakujifanya anajua. Alibandua magunia madirishani, hewa ikaingia. Akarudisha kiti nyuma mpaka ukuta ukaonekana pande zote za shuka, akaniambia nitazame mwisho wa barabara, niachane na majani yanayopita ubavuni. Nikapita kona zote, kichefuchefu hakikuja. Wala kesho yake hakikuja.

Kilichokuja ni damu ya mwezi.

Nilimfuata mama mkwe kwa ndugu yake alikofikia, nikamweleza yote: shuka, magunia, kiti. Kadiri nilivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kunichanganya mimi mwenyewe. Macho yanaona safari, tumbo linajua hakuna safari. Mtu wa Itiryo utamwambiaje hilo, akuelewe?

"Ulikuwa unatapika," mama mkwe akasema.

"Ndiyo, mama."

"Yule mwalimu akafungua madirisha, ukaacha."

"Ndiyo."

"Halafu damu ikaja."

"Ndiyo, mama, lakini..."

"Sasa nani alimwambia akutibu?"

Alianza yeye kulia, nami nikafuata, tukimlilia mtoto ambaye nina hakika hakuwepo. Nina hakika, nasema, ingawa nikiulizwa hakika hiyo niliipata wapi, sina la kujibu. Leseni niliipata. Baada ya mavuno lori la kijiji likaja, na safari yangu ya kwanza nikatumwa Genkuru, kumleta mke mwenzangu.